Bega la Baridi

Juzi nilikuwa napita nyuma ya soko la mji ninaoishi sasa, nikakuta vijana wanashusha magunia ya mashudu ya alizeti kutoka kwenye lori. Gunia moja lilikuwa limepasuka, na harufu ikanifikia kabla sijaona kitu. Ni harufu nzito ya mafuta yaliyoungua kidogo, ina utamu fulani ndani yake, kama karanga zilizokaangwa zikasahauliwa jikoni. Nikasimama. Rafiki niliyekuwa naye akaniuliza kama nimesahau kitu, nikamwambia hapana, twende. Lakini mchana wote ule sikuwa naye. Nilikuwa Ulemo, kijijini kwetu, niko darasa la sita, na sare yangu ya shule inanuka mashudu kwa sababu kila nguo ya nyumbani kwetu ilinuka hivyo.

Baba alikuwa anaendesha mashine ya kukamua alizeti. Haikuwa yake. Mwenye mashine aliishi Singida mjini na alikuja siku alizojisikia. Aliyeijua injini ile, aliyejua inakohoa kwa nini na inataka nini ili inyamaze, alikuwa Baba. Mwenzake kwenye banda alikuwa mzee Msengi, ambaye wakati ule hakuwa mzee hata kidogo. Sisi watoto tulimwita Baba Mdogo, ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Yeye na Baba walichunga mbuzi pamoja, wakabatizwa siku moja, na walipooa wakajenga karibu kiasi kwamba ukisimama mlangoni kwetu ulimwona mke wake akianika nguo ng'ambo ya shamba la mtama. Binti yake, Neema, alikaa na mimi dawati moja tangu darasa la kwanza. Baba alikuwa upande wa injini, Baba Mdogo upande wa kumimina mbegu, na kati yao ulizunguka mkanda mrefu mweusi ambao tulikatazwa hata kuuangalia kwa karibu.

Wakati wa mavuno injini ile ilinguruma tangu asubuhi hadi jioni, mpaka ukaacha kuisikia. Ulichokisikia ni inapozimika. Siku ile ilizimika mapema. Nilikuwa nafagia uani, na nakumbuka Bibi yangu, mama yake Baba, alivyoinua kichwa kama mtu aliyeitwa jina. Kisha tukasikia mwanamke anapiga yowe huko bandani, na mwingine akampokea.

Mkanda ulikuwa umemchukua Baba Mdogo mkono wa kulia. Walimpakia kwenye gari la mtu aliyekuja kukamua alizeti yake, wakamkimbiza hospitali Kiomboi, na huko madaktari wakaukata mkono juu ya kiwiko. Baba alirudi jioni kwa miguu. Hakuongea. Mama alimvua shati, na badala ya kulifua akaenda kulifukia nyuma ya jiko.

Kufikia Jumapili kijiji kizima kilikuwa na habari kamili. Mkanda ulikuwa umetoka mahali pake, Baba Mdogo akaushika kuurudisha, na Baba akawasha injini bila kuangalia. Wengine waliongeza kwamba Baba alikuwa na haraka. Wengine waliongeza kwamba alikuwa amekunywa, na Baba hakuwahi kunywa hata togwa iliyochacha. Mwenye mashine alipokuja, alisimama mlangoni pa banda na kuuliza mbele ya watu imekuwaje. Baba akajibu, "Mimi ndiye niliyekuwa kwenye injini." Basi. Akampa ufunguo wa banda, akarudi nyumbani, akachukua jembe.

Baada ya hapo watu wakaanza kukaa mbali nasi. Hakuna aliyetutukana. Ingekuwa afadhali. Mama akifika bombani na ndoo yake, mazungumzo yaliisha, na wanawake ambao zamani wangemtwisha walikumbuka ghafla kwamba wameacha chungu motoni. Hakuna aliyekuja kuazima ungo wetu. Kanisani, benchi tuliloketi lilibaki na nafasi pembeni. Na Neema, Baba Mdogo alipotoka hospitali, alichukua madaftari yake na kuhamia dawati la mbele kabisa bila kunitazama.

Mimi nilidhani ni harufu. Nilidhani damu ilikuwa imeingia kwenye mashudu, na mashudu yameingia kwenye nguo zetu, na watu wanaisikia. Nikachukua sabuni ya Mama, nikafua sare yangu kila siku mpaka kola ikaanza kuchanika. Mama alinikuta nikiinusa ikiwa bado mbichi kwenye kamba. Aliniuliza natafuta nini, nikamwambia. Alinitazama kwa muda, akaingia ndani, na hakunipiga kwa sababu ya sabuni.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba Baba naye alikaa mbali. Njia fupi ya kwenda shambani ilipita uani kwa Baba Mdogo, na tangu tuzaliwe ilikuwa njia yetu. Sasa Baba alizunguka kule kwenye mawe makubwa, akirefusha njia juani na jembe begani, ili asipite pale. Nilimwona mara nyingi na moyoni nikasema, Baba anaogopa. Na mtoto akishaona baba yake anaogopa, anaamini yote yanayosemwa.

Mwaka ule tulikuwa na mwalimu mgeni wa Kiingereza, dada mwembamba kutoka Moshi aliyeitwa Mwalimu Joyce. Alipanga chumba karibu na shule, na alikuwa bado hajui nani ni nani kijijini. Wengi wetu tulianza na Kinyiramba nyumbani, Kiswahili tukakipata shuleni, na Kiingereza kilikuwa kama mgeni wa tatu aliyekuja chakula kimeshaisha. Yeye hakukata tamaa. Kila Ijumaa aliacha kitabu mezani na kutufundisha alichokiita ukoo wa maneno.

"Maneno yana ukoo kama ninyi," alisema. "Yupo babu, wapo shangazi, na yupo binamu mkorofi ambaye hakuna anayemtaka arusini."

Ijumaa moja ya mwezi wa saba aliandika kichwa cha somo ubaoni, kisha akatugeukia. "Leo ni ukoo wa kukaa mbali."

Mtu aliyekulia Singida anaujua upepo wa mwezi wa saba. Unaanza alfajiri, unapita chini ya milango na vumbi lake jekundu, ng'ombe wanaupa mgongo, na baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Asubuhi ile ulikuwa umelilegeza bati moja pembeni ya paa la darasa letu.

Akaanza na "avoid". "Hii ni kuepuka. Unaepuka shimo, unaepuka nyoka, unaepuka matope. Haina ubaya." Kisha akaandika "shun". "Hii ni kali. Hapa ni mtu. Unamwona, unamjua jina lake, halafu unaamua kwamba hayupo." Niliinua macho kutoka kwenye daftari. Mbele kabisa, shingo ya Neema ilikuwa imenyooka na haisogei. Likafuata "hold back". "Hii ni kujizuia. Neno liko mdomoni, unalimeza. Machozi yamefika, unayarudisha. Humkimbii mtu hapa. Unajishika wewe mwenyewe." Hilo niliandika tu, bila kulifikiria. Kwetu hakuna aliyekuwa na neno mdomoni, ndivyo nilivyodhani.

Kisha akaandika mstari mrefu, "give someone the cold shoulder", akatafsiri neno kwa neno huku akitabasamu. "Kumpa mtu bega la baridi."

Darasa likacheka. Akafungua mdomo kutueleza maana yake, na hapo hapo bati likaanza kupiga. Lilipiga kama mtu anayegonga mlango kwa nyundo. Waliokaa mbele walimsikia. Sisi wa nyuma tuliona midomo yake tu.

Mimi sikuhitaji maelezo. Siku chache kabla ya hapo nilimsikia Mama akimwambia Bibi jikoni, "Wanasema bega la Baba Neema linakuwa la baridi kama jiwe. Usiku halali." Bibi alijibu kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini, maneno ya kumhurumia mgonjwa. Sasa kumbe ugonjwa ule una jina, hata Wazungu wanaujua! Na kumbe mtu anaweza kumpa mwenzake, kama upele, kama macho mekundu. Nilikaa pale na kalamu mkononi nikihisi kitu kizito kinanitoka kifuani. Kwa hiyo hawakutuchukia. Baba Mdogo ana bega la baridi, na watu wa kwake wanakaa mbali nasi ili wasituambukize. Wanatulinda. Hata Neema alihama dawati kwa sababu ananipenda.

Sijui kama nimewahi kufurahi kama nilivyofurahi wakati ule.

Mwalimu alipoona bati halinyamazi, akaamua kufundisha kwa vitendo. Aliandika "keep at arm's length", akanyoosha kidole kwangu, halafu kwa Neema, akatuita mbele. Hakujua. Alichagua tu wasichana wawili wenye urefu unaolingana. Alitusimamisha tukitazamana, akamshika Neema mkono wa kulia na kuunyoosha mpaka kiganja kikatua begani kwangu. Kisha akalionyesha darasa nafasi iliyokuwa kati yetu.

"Mwenzako anafika hapa tu," alisema kwa sauti ya juu. "Urefu wa mkono wako. Hasogei zaidi."

Kiganja cha Neema kilikuwa cha moto. Tulikuwa hatujatazamana tangu mavuno, na sasa tulitazamana. Nilimtabasamia, kwa sababu nilikuwa najua siri. Upepo ukashuka kidogo, bati likatulia, na katika utulivu ule mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Sasa baba yake atapima na mkono gani?"

Wawili watatu walicheka. Neema aliutazama mkono wake ulionyooka kana kwamba si wake. Akaushusha taratibu. Akatoka nje bila kuomba ruhusa, na upepo ukaufunga mlango nyuma yake kwa kishindo.

Mwalimu alituangalia mmoja mmoja. "Nimesema nini?" Kengele ilipolia aliniita pembeni, na nilipomweleza kwamba baba yake Neema hana mkono wa kulia, na kwamba mashine ilikuwa inaendeshwa na baba yangu, alichuchumaa pale pale kwenye veranda. Akawa anapangusa chaki vidoleni, anapangusa, hata baada ya chaki kwisha.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mama na Baba walikuwa wamekwenda kupiga mtama, Bibi alikuwa anasinzia juani ukutani. Nilichukua kikombe cha bati, nikamimina mafuta ya alizeti yaliyobaki kwenye dumu, nikakiweka karibu na makaa mpaka mafuta yakawa ya moto kiasi cha kuvumilika kwa kidole. Nikakifunga kwenye kanga ya Mama. Kisha nikapita njia fupi, ile ambayo Baba hakuipita tena, mabua ya mtama yakinikwaruza miguu.

Baba Mdogo alikuwa ameketi kwenye kigoda upande wa nyumba usiopata upepo, blanketi begani. Alikuwa amekonda mpaka masikio yake yalionekana makubwa. Mke wake alikuwa anapepeta uwele. Aliponiona ungo ulisimama hewani.

"Shikamoo, Baba Mdogo. Shikamoo, Mama."

Mama Neema hakuitikia. Baba Mdogo akasema, "Marahaba, mwanangu."

"Nani amekutuma, Rahabu?" Mama Neema aliuliza.

"Sijatumwa."

"Umebeba nini hapo?"

"Mafuta ya moto. Ya bega."

Wakatazamana. "Bega gani?" Baba Mdogo aliuliza.

Nikaeleza kwa pumzi moja, kama mtoto anayesoma shairi alilokariri. "Mwalimu ametufundisha. Kwa Kiingereza linaitwa cold shoulder, bega la baridi. Amesema mtu anaweza kumpa mwenzake. Ndiyo maana hamji kwetu. Lakini mimi siogopi, Baba Mdogo. Nimeyapasha moto. Nikikupaka baridi itatoka, halafu mtaweza kuja."

Baba Mdogo alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichomshtua yeye mwenyewe kuliko sisi. Kisha sauti ya Neema ikatoka mlangoni, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu mavuno.

"Siyo ugonjwa. Wewe ulikaa nyuma hukusikia. Ni kumsusa mtu. Unamgeuzia bega kama hujamwona." Alitazama chini, akachora kitu vumbini kwa kidole cha mguu. "Ni sisi, Baba. Ni tunavyowafanyia kina Rahabu."

"Neema!" Mama yake alisema.

Nilikuwa nimesimama pale na kikombe changu, na yale yote niliyoyajenga kichwani tangu jana yake yakaanguka, yakaanguka bila sauti. Walikuwa hawatulindi. Walikuwa wametususa kama kila mtu. Sikulia. Nilitaka tu kuondoka kwa adabu, na sikujua mtu anaondokaje kwa adabu mahali kama hapo.

"Basi nirudi nayo?" niliuliza.

"Lete," alisema Baba Mdogo. Mke wake akasogea kunipokea kikombe, akamzuia. "Hapana. Anipake mwenyewe. Si ameyabeba yeye."

Aliteremsha blanketi. Nilikuwa nimeogopa kuona, lakini haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ngozi iliyokunjwa na kushonwa, inang'aa, kama mdomo wa mfuko uliofungwa. Nikamwaga mafuta kiganjani, nikaanza begani kushuka chini. Lilikuwa la baridi kweli. Hilo sikukosea.

Nilipaka kwa muda, naye akatazama upande wa shamba. Kisha akauliza, bila kunigeukia, "Baba yako anasemaje juu yangu?"

"Hasemi kitu."

"Kwa watu, najua. Nauliza huko nyumbani. Anamwambia nini mama yako? Siku ile ilikuwaje?"

"Hasemi, Baba Mdogo. Bibi alimwuliza, akatoka nje."

"Hata mama yako hajui?"

"Anajua wanavyosema watu."

Alinyanyua mkono wake mmoja na kujifunika uso. Mabega yake, lile zima na lile nililolishika, yakaanza kutikisika chini ya vidole vyangu. Mama Neema aliweka ungo chini.

"Baba Neema, kuna nini ambacho mama yake hajui?"

Alipojifuta uso alinigeukia mimi. "Nenda nyumbani, mwanangu. Mwambie baba yako nitakuja kesho baada ya ibada. Nitakuja na kaka zangu."

Nilifikisha ujumbe jioni, Baba akichonga mpini wa jembe. Nilitegemea kiboko kwa kwenda kule bila ruhusa. Aliacha kuchonga, akauliza, "Anaonekanaje?"

"Amekonda."

Akarudi kwenye mpini wake. Mama ndiye aliyeogopa. Kaka zake Baba Mdogo walikuwa watu wakubwa, wenye maneno makali, na tangu ajali hawakuwa wamempa Baba hata salamu. Aliamini wanakuja kwa ugomvi. Asubuhi alikamata jogoo, jogoo wetu pekee aliyekuwa na nyama, akamkabidhi Baba pamoja na kisu. "Kama wanakuja kugombana," alisema, "wagombane wameshiba."

Walikuja kweli, kaka wawili, na Mama Neema, na Neema nyuma yao. Watu waliokuwa wanatoka kanisani waliona msafara ule na wengine wakapunguza mwendo barabarani. Bibi aliwakaribisha kama vile walikuja jana na juzi. Viti vikatolewa. Baba alibaki amesimama, mikono nyuma.

Baba Mdogo hakukaa. "Nimewaleta kaka zangu wasikie nikiwa mbele yako," alisema. "Siku ile injini haikuwa imezimwa."

"Msengi, acha," alisema Baba.

"Haikuwa imezimwa. Mkanda uliteleza, na mimi nikaona uvivu kusubiri. Magunia yalikuwa mengi, watu wanapiga kelele nje. Nikaushika ukiwa unazunguka. Huyu aliniona. Aliniita kwa nguvu, niache. Nilimsikia, nikasema moyoni nimeshamaliza." Akawatazama kaka zake. "Nilipopata fahamu hospitali watu walikuwa wameshasema yao. Nikasema nitasahihisha nikipona. Nikapona. Kila siku iliyopita ikawa ngumu kuliko ya jana. Nilijua amewaambia watu wa kwake ukweli na wanatucheka humu ndani, ndiyo maana nikaona aibu hata kumwona akipita. Jana nimejua hajamwambia hata mke wake."

Kaka mkubwa alimgeukia Baba. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Wewe kwa nini hukusema? Tumekuwa tukikupita njiani kama mbwa."

Baba akaitoa mikono nyuma. Hakuwa mtu wa maneno, na hata maneno hayo machache yalimtoka kwa shida. "Ningesema nini? Mtu yuko kitandani, mkono haupo. Halafu mimi mzima nisimame bandani niseme ni kosa lake?" Alitazama chini. "Na kweli nilikuwa kwenye injini. Ningeruka nikaizima, labda. Sikuwahi."

Nilikuwa nimejibanza mlangoni pa jiko, karibu na Mama. Yeye alikuwa amemtazama Baba kama mtu anayemwona mgeni amefanana na mtu anayemjua. Miezi yote ile alikuwa amesuswa bombani kwa ajili ya neno ambalo mume wake alilimeza, na alilala naye kitanda kimoja bila kulisikia. Sijui kama alimsamehe haraka. Nadhani ilichukua muda, na alikuwa na haki. Nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, na bado sijaamua kama Baba alifanya vizuri. Alimhifadhi rafiki yake, lakini gharama yake tuliilipa sote, hata mimi niliyefua sare mpaka ikachanika. Ninachokijua ni kwamba siku zote zile nilimwona akizunguka kwenye mawe na jembe lake, nikaamini anamkimbia Baba Mdogo kwa hofu. Alikuwa anajishika. Alijua wakikutana uso kwa uso, mmoja wao atalazimika kusema.

Mama Neema alikuja jikoni bila kukaribishwa. Alisimama mbele ya Mama, akashindwa kuanza. Mama akampa mwiko. "Songa huo ugali," alisema, "mkono wangu umechoka." Wakapika pamoja, hawakuongea, na mvuke ulitusaidia sote kwa sababu hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini macho yake yana maji. Neema alikuja akachuchumaa karibu nami, akaanza kuchambua mboga niliyokuwa nimeiacha. Tulipofika katikati ya rundo aliniambia kwa sauti ya chini kwamba lile dawati la mbele lina msumari unaochana sketi. Nikamwambia langu halina. Jumatatu alirudi.

Chakula kilipotengwa, wanaume waliketi kuzunguka sinia moja. Bibi mwenyewe ndiye aliyewanawisha. Alipofika kwa Baba Mdogo alimmiminia maji kwenye mkono wa kushoto bila kusita, lakini sisi sote tuliona yeye alivyousitisha juu ya sinia. Kwetu mtu haugusi ugali wa pamoja kwa mkono ule. Mama alikuwa ameshafikiria. Alikuja na kijiko amekificha kwenye kiganja, akakiweka pembeni ya Baba Mdogo taratibu, kama mtu anayeficha aibu ya mwingine. Baba Mdogo alikitazama kijiko kile, shingo imemlegea.

"Na mimi nipe kijiko," alisema Baba. Alikuwa ameshanawa. Sikuwahi kumwona akila ugali kwa kijiko, wala sijamwona tena.

Mama alileta. Kaka mkubwa, ambaye tayari alikuwa amekata tonge, akalirudisha pembeni ya sinia, akajipangusa vidole. "Basi na mimi, shemeji."

Mama alisimama mbele yao, mikono mitupu, akamtazama yule mtu mkubwa aliyempita njiani tangu mavuno.

"Shemeji, nyumba hii ina vijiko viwili tu," alisema. "Wewe utakula kwa mkono."

Kisha Baba Mdogo akaanza kucheka, safari hii kicheko kirefu, kijiko kikimtikisika mkononi, na Baba akasogeza kipande cha paja upande wake wa sinia, wakala.